Ritifaa ya Kendi M'Ikiara

Wengi wenu mnaonitafuta huanza na swali lile lile: maswali gani hutoka katika mtihani wa cheti? Mnaliuliza kwa adabu, mkiniita Mama au Madam, na wengine huniletea ndizi kutoka Kanyakine ili nilainike. Ndizi nimekula. Maswali sitawaambia. Kabla skrini haijafunguka siku ya mtihani, kila mtahiniwa hubonyeza mahali pa kukubali kwamba hatatoa nje alichokiona ndani, na itakuwa ajabu mtu aliyelipwa miaka mingi kulinda milango aanze kuiacha wazi kwa sababu amestaafu. Ninachoweza kuwapa ni namna ya kusoma, namna ya kukosea, na habari ya mwenzangu mmoja aliyekaribia kuipoteza kazi hii kwa sababu ya alama ndogo kuliko punje ya wimbi.

Usimamizi wa utambulisho na ruhusa ni jina refu la kazi inayoelezeka kwa maneno machache. Mtu akiajiriwa, kuna mifumo anayopaswa kufunguliwa. Akihamishwa, baadhi ifungwe na mingine ifunguliwe. Akiondoka, yote ifungwe siku hiyo hiyo, hata kama aliondoka kwa keki na hotuba. Programu hufanya haya yote yenyewe ikiwa imeelezwa vizuri; ikielezwa vibaya, huyafanya vibaya kwa kasi ambayo hakuna binadamu angeiweza. Mimi niliifanya kazi hiyo katika hospitali ya binafsi mjini Meru, yenye kliniki Githongo, Kanyakine na Embu. Niliingia nikitoka chuo kikuu, nikaondoka kwa hiari yangu nikiwa nimepita hamsini kidogo, nikiwa bado na macho ya kusoma skrini lakini sina tena hamu nayo.

Zamani hatukuwa na programu. Tulikuwa na simu. Daktari alipiga, akasema, "Nifungulie," nasi tukafungua. Nilipofika Githongo mara ya kwanza nilikuta wauguzi wote wanatumia akaunti moja, yenye jina la muuguzi aliyekuwa ameacha kazi na kuolewa Nyeri. Asubuhi mmoja aliifungua, jioni mwingine aliikuta wazi, kama alivyoikuta chai kwenye thamosi. Nikauliza nani aliandika kipimo fulani cha dawa katika faili ya mgonjwa.

"Ni sisi," akasema mkubwa wao.

"Sisi nani?"

"Sisi wa hapa, Madam. Kwani kuna wengine?"

Nikaifunga akaunti ile na kumfungulia kila mmoja yake. Kwa muda mrefu baadaye, kila nilipokwenda Githongo nililetewa chai isiyo na sukari, na walijua vizuri kwamba ninatumia sukari. Hawakuwa watu wabaya. Kwetu, kumnyima mwenzako nywila, neno la siri la akaunti, ulikuwa uchoyo ule ule wa kumnyima jirani chumvi, nami nilikuwa nimewalazimisha wawe wachoyo. Nawaeleza haya kwa sababu kitabu cha mtihani kitawaambia kwamba akaunti ya pamoja ni hatari, nanyi mtaikariri sentensi hiyo bila kuielewa. Ieleweni kupitia Githongo: mgonjwa alipewa dawa, na aliyempa alikuwa "sisi".

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Bwana Njeru, fundi wa mifumo katika kliniki yetu ya Embu, mtu mrefu, mpole, asiyemaliza sentensi haraka. Alikuwa na tabia ya kututania sisi wa Meru kila alipopata nafasi, na nafasi alizipata nyingi.

"Kazi yetu ina maswali mawili tu," aliniambia siku moja tukikagua orodha ya watumiaji. "La kwanza: wewe ni nani? La pili: umeruhusiwa kufanya nini? Sasa nyinyi watu wa Meru mko na shida moja. Mkishajibu la kwanza, la pili mnalisahau. Mtu akisema ni mtoto wa fulani wa Githongo, mnamfungulia nyumba yote, mpaka ghala."

"Na nyinyi wa Embu?"

"Sisi hata la kwanza hatuamini. Tunamuuliza mara mbili."

Nilicheka, lakini nawaambia kwa dhati: nusu ya mtihani ni tofauti hiyo. Kuthibitisha kwamba mtu ndiye, na kuidhinisha anachoweza kufanya, ni mambo mawili. Swali linaweza kuandikwa kwa maneno mengi na kupambwa kwa seva, vyeti vya usalama na simu za mkononi. Lichemsheni mpaka mwone ni swali gani kati ya yale mawili ya Njeru linaloulizwa.

Mimi mwenyewe nilianguka mara ya kwanza. Sikuanguka kwa uvivu. Nilianguka kwa uzoefu. Nilijibu kila kitu kama tulivyofanya Meru. Bila kutaja swali lolote, niseme tu kwamba vitabuni, mtu anayepiga simu akidai amesahau nywila si mtu bado, ni sauti. Nami kwa miaka mingi nilikuwa nimezibadilisha nywila za madaktari kwa kuwatambua kwa kikohozi. Mtihani haukijui kikohozi cha mtu. Nilirudi mara ya pili nikiwa nimekubali jambo moja gumu kwa mtu mwenye shahada na nywele za mvi: kwamba mtihani haukuniuliza ninavyofanya, uliniuliza inavyopasa kufanywa. Nikafaulu.

Sasa nije kwa Kendi.

Jina lake kamili katika kitambulisho cha taifa ni Doreen Kendi M'Ikiara. Alikuja kwetu kwa mkataba, akiwa na stashahada ya kompyuta, mtoto wa wakulima wa Kanyakine, msichana wa maneno machache ila akianza kucheka huzima mashine zote chumbani. Ile M yenye alama ya juu mbele ya jina la Ikiara ni ya kwetu. Kwa mapana, maana yake ni mwana wa. Alama yenyewe mlifundishwa shule ya msingi mkiandika ng'ombe na ng'oa: inaitwa ritifaa. Wazee wa Meru huibeba katika majina yao bila kuifikiria. Kompyuta huifikiria sana.

Nilipomwarifu msimamizi wa hospitali, Bwana Kirimi, kwamba ningependa kustaafu mapema, alinijibu bila kuzunguka. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imejitolea kuichukua kazi yetu na kuifanya kutoka huko. Kama angepatikana mtu wa hapa mwenye cheti cha programu yetu, nafasi yangu ingebaki Meru. Mkataba wa Kendi ulikuwa unakwisha baada ya miezi michache. Akifaulu kabla haujakwisha, angeajiriwa moja kwa moja. Asipofaulu, angekwenda nyumbani, na mwezi mmoja baadaye Kirimi angetia sahihi na Nairobi.

Nilimweleza Kendi hivyo hivyo, bila sukari. Akauliza, "Kitabu kiko na kurasa ngapi?" Nikamwonyesha. Akakipima kwa vidole, akasema, "Sawa," na kukipeleka mezani kwake.

Wiki ile ile kijana mmoja wa mjini alimtumia kwenye simu rundo la maswali yaliyodaiwa kuwa ya mtihani wenyewe, yakiwa na majibu. Shuleni mliita kitu hicho mwakenya. Kendi akaniletea.

"Madam, nimeangalia. Swali la kwanza jibu lake si kweli. La pili pia."

"Umeyasoma mangapi?"

"Mawili tu. Nikaona huyu mwizi hata hajasoma."

Akayafuta mbele yangu. Sina la kuongeza kuhusu mwakenya isipokuwa hili: anayeyauza maswali hayo alishapokea alichotaka kabla ninyi hamjaingia chumba cha mtihani.

Tulisoma kwa mikono. Nilikuwa na kompyuta ya zamani yangu mwenyewe, nzito kama jiwe la kusagia, nikaweka ndani yake toleo la majaribio la programu. Juu yake Kendi akajenga hospitali ya uongo. Kitabu hupendekeza majina kama Mtumiaji wa Kwanza na Mtumiaji wa Pili. Msifanye hivyo, kwa sababu akili haimkumbuki Mtumiaji wa Pili. Kendi aliajiri ukoo wake wote. Shangazi alikuwa muuguzi mkuu, binamu zake walikuwa wapokea wagonjwa, na babu yake, M'Ikiara mwenyewe, aliyekuwa amefariki zamani, akapewa duka la dawa. Kila siku tulimhamisha mtu, tukamfukuza mwingine, tukamrudisha wa tatu, tukatazama ni milango gani imefunguka na ipi imebaki wazi kimakosa. Siku tuliyompa babu ruhusa ya kuagiza dawa na pia ruhusa ya kuidhinisha agizo hilo hilo, programu ilikataa na kutoa onyo jekundu.

"Hata babu hawamwamini," Kendi akasema.

"Ndiyo kazi yao."

Kisha tukaunganisha orodha tatu: ya idara ya wafanyakazi, ya maabara na ya mishahara, zote za uongo, lakini Kendi alikuwa ameziandika kama zinavyoandikwa kweli katika ofisi za hapa. Katika ya kwanza babu alikuwa M'Ikiara. Katika ya pili alikuwa Mikiara, neno moja. Katika ya tatu alikuwa Ikiara tu, kwa sababu karani fulani siku zote huona ile M kama kosa la chapa. Tukabonyeza. Programu ikafikiri. Ikatuletea wazee watatu, kila mmoja na akaunti yake, kila mmoja na funguo za duka la dawa.

Kendi akacheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. "Aki Madam, babu amezaana!"

Siku hiyo tulijifunza somo ambalo sura nzima ya kitabu haikutuingizia: msimtambue mtu kwa jina. Jina huandikwa na makarani. Mtambueni kwa nambari moja isiyobadilika, ya ajira au ya kitambulisho, na jina liwe pambo tu. Nenda Imenti yote, eneo letu hili la Meru, watoto huitwa majina ya babu na nyanya zao. Binamu wanne wanaweza kuwa na jina moja, na mmoja wao anaweza kuwa na majina manne katika ofisi nne. Programu zilizoundwa mbali huja hapa zikidhani jina ni mtu.

Mengine ya kusoma nitayasema kwa ufupi, maana mnayajua ila hamyafanyi. Swali refu lisomeni kuanzia sentensi ya mwisho, ndipo mrudi juu mkijua mnatafuta nini. Majibu mawili yakionekana sahihi, chagueni linalotoa ruhusa ndogo zaidi inayotosha kazi. Somo likigoma kuingia, lielezeni kwa sauti, kwa mtu yeyote; huwezi kueleza usichokielewa bila kusikia mwenyewe unavyojikwaa.

Chumba cha mtihani kilichokuwa karibu nasi wakati ule kilikuwa Embu, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Kendi alijiandikisha kwa simu yake. Nilimkagua kila kitu: tarehe, saa, jina la mtihani, anwani. Barua ya kuthibitisha ilikuja ikimwita Doreen, mpendwa Doreen, nasi tukaridhika. Nafasi ile ilikuwa siku chache tu kabla ya mkataba kwisha, lakini zilitosha. Matokeo hutoka pale pale.

Njeru alitupokea Embu asubuhi. Akamwambia Kendi, "Mwana wa Ikiara, umelala?"

"Nimelala, Mzee."

"Basi umeshapita nusu. Huyu bosi wako hakulala ile siku yake."

Tukapanda. Msimamizi wa chumba alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya upole. Akachukua kitambulisho cha Kendi, akatazama skrini yake, akakitazama kitambulisho, akatazama skrini tena.

"Pole sana, dada. Majina hayalingani."

"Hayalingani wapi?"

Akageuza skrini. Pale palipopaswa kuwa na ritifaa palikuwa na alama ya kuuliza. Doreen Kendi M?Ikiara.

Nitawaeleza sababu, kwa kuwa itawatokea. Baadhi ya simu hazipigi ritifaa ile iliyonyooka ambayo kibodi ya kompyuta hupiga. Hupiga nyingine, iliyopinda kama mkia wa kiluwiluwi. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mfumo ni herufi mbili zisizojuana, na mfumo wa zamani usipoitambua ile iliyopinda huweka alama ya kuuliza mahali pake na kuendelea na shughuli zake. Mwingereza aitwaye Smith hatalijua jambo hili mpaka afe. Mtu wa Meru atalijua siku ya mtihani.

Njeru akainama kutazama skrini. "Sasa hapa mashine inauliza. Wewe ni Ikiara, ama?"

Kijana akaeleza kwamba masharti ya wenye mtihani ni herufi kwa herufi, na kwamba hana uwezo wa kusahihisha. Nikasogea mbele. Nikamwambia kwamba mimi ni mkuu wa kitengo katika hospitali, kwamba binti huyu amefanya kazi chini yangu, kwamba ninamjua yeye na kwao, na niko tayari kuandika hivyo na kutia sahihi.

"Mama, naelewa," akasema. "Lakini ukimjua wewe, bado mimi simjui."

Ni sentensi ambayo ningeweza kuitamka mimi, mbele ya wauguzi wa Githongo, nami ningejisifu kwa kuitamka.

Akapiga simu kwa wenye mtihani, akasubiri sana, akatupa jibu: mtahiniwa mwenyewe atume picha ya kitambulisho, jina litasahihishwa baada ya siku kadhaa, na atapewa nafasi nyingine bila kulipa tena. Tukatafuta nafasi. Ya karibu kabisa ilikuwa wiki moja baada ya mkataba wake kwisha.

Tulishuka, tukaingia hoteli ndogo, Njeru akaagiza chapati na ndengu kwa wote watatu. Nilikuwa na hasira, nikaanza kumsema yule kijana: ugumu wake, alama moja tu, akili iko wapi. Kendi alikuwa akimega chapati vipande vidogo bila kuvila. Kisha akasema, "Madam, amefanya sawa."

"Sawa namna gani?"

"Ningekuwa mimi pale, ningejirudisha."

Njeru akaweka kijiko chini. "Huyu," akaniambia, "mtihani ameshafanya. Kilichobaki ni cheti."

Lakini mwajiri huajiri kwa hicho kilichobaki. Siku iliyofuata nilimwendea Kirimi nikaomba mkataba wa Kendi uongezwe kwa wiki mbili. Akakataa. Bodi ilikuwa imepiga marufuku kuongeza mikataba kwa vipande, baada ya watu kadhaa kuishi kwa vipande hivyo miaka na miaka. "Nairobi sitawajibu mpaka mwisho wa mwezi ujao," akasema. "Akileta cheti kabla ya hapo, nitaitangaza nafasi, naye aombe kama mtu mwingine yeyote wa nje. Simwahidi kitu."

Nikampelekea Kendi maneno hayo kama yalivyo. Nikaongeza pendekezo langu mwenyewe. Nilikuwa na uwezo wa kuchelewesha kufungwa kwa akaunti yake kwa mkono, aendelee kuufikia upande wa majaribio wa mfumo wetu halisi, aendelee kujifunza humo. Hakuna ambaye angegundua.

"Kanuni ya kufunga niliandika mimi," akasema. "Ikiniruka mimi, itashika nani?"

Siku ya mwisho alikaa mezani kwake hadi saa ya kufunga ofisi. Kanuni aliyoiandika ilisema kwamba mkataba ukifika mwisho, milango yote ifungwe saa kumi na moja jioni. Tuliitazama skrini pamoja. Saa ilipofika, dirisha la kwanza likafungika, kisha la pili, kisha mfumo ukamwambia kwamba hatambuliki.

"Imefanya kazi," akasema. Aliisema kama fundi aliyeona pampu ikivuta maji. Kisha akachukua mkoba wake na ile kompyuta yangu nzito, akashuka kwenda kupanda gari la Kanyakine.

Wiki ile mama yake alinipigia simu.

"Mwalimu, huyu mtoto tangu arudi anaongea na ng'ombe."

"Anaongea nini?"

"Mambo ya ruhusa. Anakamua akisema nani aingie, nani asiingie. Ni mzima?"

"Ni mzima, mama Kendi. Ng'ombe anasemaje?"

"Maziwa hayajapungua."

Kendi alirudi Embu jina lake likiwa limesahihishwa. Alikuwa ameliandika upya kwa kompyuta, akawatumia wenye mtihani picha ya kitambulisho, akaomba wamtumie picha ya jina kama litakavyoonekana kwa msimamizi wa chumba, na hakuondoka nyumbani kabla ya kuipata. Fanyeni hivyo hivyo, hata kama jina lenu ni Smith. Mimi sikuweza kwenda. Nilikuwa na ukaguzi wa kliniki. Njeru ndiye aliyemsindikiza, na ndiye aliyenipa habari kwa simu, kwa mwendo wake ule ule.

"Mwana wa Ikiara ameingia," akasema asubuhi, akakata.

Karibu na saa sita akapiga tena. "Ametoka."

"Na?"

"Anakula."

"Njeru!"

"Ngoja amalize kutafuna. Huwezi kutoa habari na mdomo umejaa."

Kisha sauti ya Kendi. "Nimepita, Madam."

Nilimpongeza, nikarudi kwenye ukaguzi. Siwezi kusema nilikagua vizuri alasiri ile.

Kirimi alitimiza neno lake, wala hakuongeza hata nusu. Aliitangaza nafasi. Wakaomba wengi, wawili wao wakiwa na vyeti kama chake, na mmoja wao akiwa na shahada juu yake. Mimi niliombwa nisikae katika jopo, kwa kuwa nilimjua mmoja wa waombaji, nami nikaona ni haki. Nilikaa ofisini kwangu nikisikia viti vikiburutwa upande wa pili wa ukuta. Baadaye niliambiwa kwamba kila mwombaji alipewa orodha tatu za wafanyakazi zenye majina ya hapa, akaombwa aeleze jinsi ya kuziunganisha. Yule wa shahada aliziunganisha kwa majina. Kendi, waliniambia, aliuliza kwanza nambari za vitambulisho ziko wapi.

Barua ya ajira ikatoka siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, na Nairobi wakajibiwa kwa heshima.

Jumatatu yake idara ya wafanyakazi iliingiza mwajiriwa mpya kwenye mfumo. Karani alikuwa ameliandika jina Mikiara, neno moja, kama kawaida ya makarani. Programu haikujali. Ililinganisha nambari ya kitambulisho, ikanitolea ujumbe kwamba mtu huyu aliwahi kuwapo, ikaniuliza kama nataka kumfungua kama mgeni au kumrudisha. Nikachagua kumrudisha. Nilimpa ruhusa za ngazi ya kuanzia tu, bila hata moja ya zile alizokuwa nazo zamani, kwa kuwa ruhusa za kazi iliyokwisha hazirudi pamoja na mtu.

Kabla ya chai ya saa nne simu ya mezani ikalia.

"Madam, upande wa usimamizi umenikatalia."

"Umeomba?"

"Bado."

"Omba kwa utaratibu."

"Sawa," akasema, bila kinyongo chochote.

Ombi likanifikia baada ya muda mfupi. Lilikuwa limejazwa kikamilifu: mfumo, ngazi, msimamizi wa kuidhinisha. Mahali pa kueleza sababu, ambapo watu wengi hubandika aya nzima au huweka nukta moja ili mfumo usiwazuie, Kendi alikuwa ameandika neno moja: Nimeajiriwa.

Nikaidhinisha.